Jumamosi: damu Kencom, kisha Mathare

Hamjambo wapendwa?

Jumamosi tukutane saa mbili asubuhi kwenye hema la kuchangia damu, Kencom, katikati ya jiji la Nairobi. Wachangiaji wawe na kilo 50 kwenda juu. Beba kitambulisho, kunywa maji mengi na ule vizuri kabla ya kutoka nyumbani. Chai kavu haitoshi, jamani! Asiyeweza kuchangia aje tu, kuna kuandikisha watu na kugawa soda.

Saa sita tunapanda matatu kuelekea mtaa wa Mathare kupeleka unga, sabuni na sodo. Mchango ni shilingi 500, atumiwe mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi jioni, maana Ijumaa tunanunua bidhaa.

Tafadhali jibu leo: “Damu”, “Mathare” au “Zote”. Mwenye pikapu ya kutuazima aniambie.