Barua kwa mwanangu: kopo la babu yako

Marahaba baba,

Ujumbe wako umefika, na picha ya kopo nimeiona. Nilimwonyesha mama yako mdogo, akacheka mpaka akavua miwani. Umeuliza mawili: kama kiko cha babu yako bado kipo, na kama hilo kopo la Erinmore, tumbaku ya kiko, ulilolikuta mnadani huko Birmingham ni aina ileile iliyokuwa ikikaa juu ya redio yake. Kiko kipo. Kopo nalo ni lenyewe, hata jina la mtengenezaji, Murray wa Belfast, nimelitambua. Ila bei uliyonitajia imenishtua, na kabla hujailipa ukaanza kukivuta hicho kiko kama unavyotaka, nataka ujue kopo la babu yako lilikuwa na nini ndani.

Erinmore ya kweli aliwahi kuinunua. Nilikuwa bado msichana, ni mwaka ule alioletewa barua ya kupandishwa cheo ofisini. Aliivuta kwa uchoyo mpaka ikaisha, na baada ya hapo hakununua tena, maana mshahara wa karani na ada za watoto havikumwachia nafasi. Kopo akalitunza. Humo akawa anatia tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni, ya kwetu Namtumbo, ambayo shangazi zangu walimtumia kwa basi, imefungwa kwenye gazeti na kutiwa gunia moja na dagaa wa Nyasa. Jioni aliikatakata kwa kisu juu ya kibao cha jikoni, bibi yako akilalamikia kibao chake, kisha akaitia kopoani pamoja na kipande cha ganda la chungwa ili isikauke. Kwa hiyo hiyo harufu ya matunda unayoikumbuka, mwanangu, ni machungwa ya Muheza kutoka sokoni. Wageni wakilitazama kopo na kusifu tumbaku ya Ulaya, mzee hakuwasahihisha. Na alikuwa mtu mnyoofu katika mambo mengine yote!

Erinmore yenyewe nayo imetiwa harufu ya matunda, lakini ile ya kiwandani, tamutamu, wala haina moshi. Ukilifungua hilo kopo lako utakutana na mzee mwingine kabisa.

Tumbaku ya moshi naijua kwa mikono yangu, maana likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi. Majani ya chini huiva kwanza, kwa hiyo unavuna kwa kupanda juu, kila mara machache. Ukivuna alfajiri umande haujakauka, ule unyevu unaingiza nikotini kwenye ngozi, na kabla ya saa sita kichwa kinazunguka na matumbo yanapinduka. Sisi watoto tuliambiwa ni njaa. Baadaye majani yanafungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na chini yake kuni zinafukizwa siku baada ya siku. Hautakiwi moto wa kuwaka, unatakiwa moshi mzito, na lazima mtu alale palepale kuulinda, kwa sababu mwali mmoja ukiruka bani lote linakwenda na jasho la mwaka mzima. Majani yanatoka yamekuwa ya kahawia iliyoiva, yananata vidoleni. Nywele zangu zilinuka moshi mpaka shule inafunguliwa, na wenzangu walijua nilikokuwa kabla sijasema.

Usidhani ni kilimo cha pembeni. Wangoni na Wamatengo walikuwa na ushirika wao wa tumbaku, NGOMAT, tangu 1936, na wengi wa rika la babu yako walisomeshwa na jani hilo. Misitu iliyoishia kwenye hayo mabani ni habari nyingine, nikianza hapo barua hii haitakwisha.

Nimesoma pia yale maelezo marefu uliyonitumia kuhusu Latakia, jani lililokuwa likitoka Syria na sasa Kupro, ambalo Waingereza walilitia kwenye michanganyiko yao ya kiko. Umeandika kwa heshima kubwa kwamba hukaushwa kwa moshi wa kuni mpaka linakuwa jeusi na kunuka kama kambi ya wawindaji. Nilipofika hapo nikasema, eti! Huyu mtoto amevuka bahari kwenda kutafuta bani la bibi yake. Kuni ni tofauti na jani ni tofauti, lakini kama ni moshi unaoutafuta, dada zangu wa Namtumbo wangekushangaa.

Hata hivyo naelewa kwa nini watu wanayakimbilia makopo ya zamani. Jani la Virginia, aina nyingine ya tumbaku, lina sukari nyingi, na likifungiwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa linaendelea kuchachuka polepole kwa miaka, ule ukali unapungua, ladha inatulia. Latakia nayo hufifia kadiri inavyozeeka, kwa hiyo kila kopo lina umri wake mzuri wa kufunguliwa. Kisha viwanda vinafungwa. Umeniambia mwenyewe kwamba Dunhill waliacha tumbaku ya kiko 2018, na kwamba michanganyiko yao ilirudi sokoni kwa jina la Peterson, lakini watu bado wanapigania makopo yenye jina la zamani. Hapo nadhani hawanunui tena jani. Wananunua chumba ambacho baba alikuwa amekaa.

Sasa kuna jambo ambalo sijui kama hao wenzako wa minadani hulisema waziwazi. Mvuta kiko haipati ile harufu. Babu yako alikuwa akituuliza sisi, "Leo inanukaje?" kwa sababu yeye alichokuwa nacho ni uchungu, joto la moshi, na ulimi unaowashwa akivuta haraka. Pua yake ilishazoea. Ile harufu nzuri inayokurudisha barazani ilikuwa ya sisi tuliokaa pembeni: mimi na daftari langu, bibi yako na mchele wake kwenye ungo, na baadaye wewe ukilala juu ya miguu yake. Ukikiwasha kiko leo chumbani kwako, utakaa kwenye kiti chake, na kwenye kiti chake harufu hiyo haikuwapo. Anayeweza kuipata ni mwanao. Na mwanao ana kifua, unajua mwenyewe usiku mliokesha naye hospitali majira yaliyopita.

Sitaki kukutisha kwa uongo. Babu yako hakufa kwa kiko, alikufa mzee kwa presha. Lakini rafiki yake wa bao, yule mliyemwita Babu Koti, alianza na kidonda kwenye mdomo wa chini, upande uleule alioshikia kiko, na hakikupona. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya 1964 ilikwishaandika kwamba kiko kinasababisha saratani ya mdomo huo wa nje, na hiyo ni kabla hata sijaanza shule. Watu wanasema kiko si kama sigara kwa kuwa moshi hauvutwi mpaka mapafuni. Moshi usiomezwa unakaa mdomoni, ndiyo tofauti. Na walio pembeni wanaupata wote.

Umesema hutavuta kila siku, ni Jumapili tu baada ya kula. Babu yako naye alianza na Jumapili.

Kuhusu kiko chenyewe, hapo nafurahi kukuandikia, kwa sababu ndicho kitu cha thamani kuliko kopo na wewe hukukiuliza sana. Ulidhani ni cha Uingereza. Ni cha hapahapa Arusha. Kimechongwa kutoka kwenye jiwe la Sinya, kule Longido, mpakani na Amboseli. Ni lile jiwe jeupe ambalo wavuta kiko hulisifu wakiliita meerschaum. Likikauka ni jepesi mno kwa ukubwa wake, na lina vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu na lami ya tumbaku, ndiyo maana linabadilika rangi kadiri linavyotumika. Duniani jiwe hilo linasifika la Eskişehir, Uturuki, lakini enzi za Tanganyika kulikuwa na Tanganyika Meerschaum Corporation, na vile viko vyao viliuzwa mpaka Ulaya vikiwa na alama ya tembo. Ukikipokea, tazama kwenye mrija, tembo bado anaonekana ukimgeuzia mwanga. Nje kimevikwa ngozi, imeanza kuachia upande wa chini. Usiibandike kwa gundi ya dukani, mtafute fundi viatu mwenye mkono mwepesi.

Sehemu ambayo kidole gumba cha babu yako kilikuwa kinakaa, ngozi imeng'aa. Hapo usipasafishe.

Nilifikiria kukinyima. Mama yako mdogo alisema nikufiche niseme kimepotea wakati wa kuhama, nikakataa, maana una jina lake na ni haki yako. Kinakuja na binamu yako anayesafiri mwezi ujao, nimekifunga ndani ya kanga ya zamani na soksi. Usikiloweke wala kukiosha kwa maji, jiwe lile likilowa linalainika na linaweza kupasuka. Futa kwa kitambaa kikavu tu. Ndani ya bakuli lake kuna masizi ya miaka yote ile, na ukisogeza pua utapata moshi wa Namtumbo, bila chungwa. Chungwa utalitafuta mwenyewe.

Kopo lake la Erinmore silitumi. Ninatunzia vifungo na pini za cherehani, na mfuniko wake ndio pekee nyumbani hapa ambao wajukuu hawawezi kuufungua. Kwa hiyo kama unalitaka la mnadani kwa ajili ya kuliweka tu kwenye kabati, shindania ukipenda, ila usipande juu ya nusu ya bei ile. Muuzaji akikuambia halijafunguliwa, mwombe picha ya chini na ya ukingoni. Kopo likishapata kutu pale kwenye mshono, hewa imeshaingia na ndani mmebaki vumbi.

Msalimie mkeo, mwambie ile dawa ya kifua ya mtoto asiiache katikati. Na unipigie Jumamosi jioni, Jumapili nina kikao cha kikoba.

Mama yako