Barua ya wazi kwa vijana wa Mikindani kuhusu ushungi

Wajukuu zangu wa Mikindani, na nyinyi wa Mtwara mjini mnaokuja huku siku za ngoma,

Assalaamu alaykum. Na kwenu mlio Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika kwa sababu ya maneno yanayozunguka barazani na kwenye simu zenu tangu msimu wa unyago, wa kuwatoa wali nje, uanze. Wengine mnasema ushungi ni mambo ya Waarabu, eti bibi zetu walikuwa vichwa wazi mpaka walipofikiwa na wageni. Wengine mnawasimamisha mabinti njiani mnawauliza mtandio uko wapi. Na juzi stendi kuna binti alivutwa ushungi wake mbele za watu, watu wakacheka. Mimi ni kungwi, mwenye kuwafunda wali, na barazani kwangu nimesomesha watoto juzuu. Nitasema ninayoyajua, kisha nitasema ninachotaka kwenu.

Kujitanda ni jambo la kale kuliko Uislamu, tena kuliko Ukristo. Katika mji wa Ashuru, kaskazini ya Iraki ya leo, yalifukuliwa mabamba ya udongo yenye sheria zilizoandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Sheria moja inasema mke wa mtu, mjane na binti wa muungwana wasitoke barabarani kichwa wazi. Kahaba na mjakazi ni marufuku kujifunika. Kahaba akikutwa kajitanda anapigwa fimbo 50 na kumwagiwa lami kichwani. Mjakazi anakatwa masikio. Na mwanamume aliyemwona akamwacha apite bila kumshitaki, naye anakula fimbo 50, anatobolewa masikio na kupitishwa kamba. Hapo hapana sala wala Mungu. Nguo ilitumika kuonyesha nani ana mwenyewe wa kumtetea na nani hana, na kila mwanamume mpita njia akafanywa askari. Ndiyo kazi mnayojipa pale stendi, na hata posho hampewi.

Kwa watu wa ibada, kitambaa kina habari nyingine. Taurati inasimulia Rebeka alivyoshuka kwenye ngamia alipomwona Isaka kwa mbali, akatwaa shela akajifunika. Wayahudi walishika desturi ya mke kufunika nywele zake. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwanamke asisali kichwa wazi, na mwanamume asisali kichwa kimefunikwa. Nao Warumi wa zama zile walikuwa kinyume chake, maana makuhani wao wanaume walivuta vazi juu ya kichwa walipotoa sadaka. Watuareg wa jangwa la Sahara ni Waislamu, na kwao anayefunika uso ni mwanamume. Kwa hiyo mtu asinitajie kwamba jambo hili ni la wanawake tu. Babu zenu hawaendi msikitini bila kofia, na mnapopeleka posa kilemba cha baba mnakitoa bila kuuliza ni cha Waarabu au cha nani.

Katika Kurani, nendeni Sura ya 24. Aya ya 31 ndiyo mnayoijua nyote, ile inayowaambia wanawake waumini washushe mitandio yao mpaka vifuani. Maana yake mitandio walikuwa nayo tayari. Walichoamrishwa ni namna ya kuivaa. Bibi Aisha amepokewa akiwasifu wanawake wa mwanzo, kwamba aya iliposhuka walichana nguo zao wakajitanda. Walichana wenyewe. Sijasoma popote kwamba walichaniwa. Lakini aya ya 30, inayotangulia, inawasemesha wanaume: wainamishe macho yao. Vijana wa barazani, mmeruka aya nzima ili mfike kwenye aya ya wenzenu. Msomaji gani huyo anayeanza katikati?

Na nisiwafiche: ile aya ya 59 ya Sura ya 33, inayosema wajitande ili watambulikane wasiudhiwe, wafasiri wengi wa kale waliieleza kuwa ni kumtambulisha mwanamke huru, asidhaniwe mjakazi. Yaani mambo ya muungwana na mtumwa yalikuwepo hata huko, maana ndiyo dunia waliyoishi.

Sasa tuje kwetu. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremka Kilwa Kivinje, Lindi na hapa hapa Mikindani. Katika pwani ya wakati ule mjakazi alijifunga kaniki au merikani chini ya makwapa, mabega nje, kichwa wazi. Shela ilikuwa ya waungwana, na mabibi wakubwa wa Unguja walivaa barakoa ya kufunika uso. Mtumwa mwanamume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Unguja sheria iliufuta utumwa mwaka 1897. Huku bara watu walingoja mpaka 1922. Na wanawake walipopata uhuru wao walifanya nini? Walinunua kanga wakajitanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 buibui likaenea, likawafunika wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa kwa kitambaa cheusi kile kile, na njiani hukuweza kusema yupi ni yupi.

Nyinyi mnaosema bibi zetu walifunikwa na wageni, hapo mnasemaje? Wako wengi katika pwani hii ambao walivuliwa kwa nguvu, na siku ya kwanza ya kuwa na hiari walijifunika. Binti anayejitanda leo usimwambie amevaa utumwa. Na asiyejitanda usimwambie hana adabu, kwa sababu ukimlazimisha unarudi kwenye sheria ya Ashuru, fimbo mkononi. Anayevua ushungi wa mwenzake na anayeulazimisha, kwangu mimi wote wawili wanajifanya mabwana wa kichwa kisicho chao. Imani yangu mimi inaniambia nijitande, nami nimejitanda tangu nivunje ungo, wala simwombi mtu ruhusa.

Masista wa Ndanda wanapopita na vitambaa vyao hakuna anayewauliza kitu. Wape binti zetu heshima hiyo hiyo, aliyevaa nikabu na aliyesuka nywele zake wazi.

Limebaki la unyago, ndilo lililonikera kuliko yote. Mwali anafunikwa gubigubi siku ya kutolewa, na hili hatukufundishwa na shehe wala padri. Ndani ya zile kanga anatembea ameinama, haoni kitu ila vidole vyake vya miguu na visigino vya kungwi aliyemtangulia. Ngoma anaisikia, vigelegele anavisikia, jasho linamtiririka, na mkono wangu uko mgongoni mwake kumwambia kulia au kushoto. Amefunikwa kwa sababu aliyeingia ndani alikuwa mtoto, na anayetoka hajawa wa macho ya watu mpaka tumfunue sisi, kwa wakati wake, mbele ya mama yake. Mwezi uliopita kijana mmoja aliingiza simu chini ya pindo la kanga akampiga picha mwali uso mzima, na kabla hatujafika uwanjani picha ilishazunguka Mtwara yote. Mama yake aliiona kwenye simu ya jirani kabla hajamfunua mwanawe. Huyo kijana ni miongoni mwa wale wanaowauliza wenzao mtandio uko wapi!

Ninachotaka ni hiki. Kila mwenye picha ile aifute leo, na aliyemtumia mwenzake amwambie naye afute. Aliyevuta ushungi wa binti pale stendi aende nyumbani kwao na mjomba wake, na doti ya kanga mpya, si ya mkopo, aombe radhi mbele ya wazazi. Na katika ngoma ijayo simu za vijana zitaingia kwenye kapu langu mlangoni kabla wali hawajatolewa. Asiyetaka abaki barabarani na wauza barafu.

Wenu,
Bibi wa Mikindani