Kiwanja cha msikiti pale mwembeni

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, wanamtaa.

Nimesikiliza sauti zote mlizotuma humu kwenye kundi jana usiku kuhusu msikiti unaotakiwa kujengwa pale mwembeni, hata ile ya dakika saba ya mjomba. Hakuna anayekataza watu kuswali. Ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa dini, iko wazi. Ubishi ni kiwanja. Kwenye mchoro wa mipango miji kile ni cha makazi, kwa hiyo halmashauri ibadili matumizi kwanza, na majirani wasikilizwe. Hapa Mikindani tunazikana na kualikana futari na Krismasi, leo tofali ndilo lituchonganishe?

Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya mtaa. Mwenye hati aje nayo.

Picha za uchochezi nazifuta, na mtumaji namtoa, hata akiwa shemeji yangu.