Ukurasa mzima, busu tu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu tunalisoma nyumbani tangu marehemu mume wangu alipokuwa akirudi nalo kutoka kazini, na sijawahi kuwaandikia. Mmekosea majina ya wabunge nikanyamaza. Mmeweka picha ya mtu na maelezo ya mtu mwingine, nikacheka nikafungia vitumbua. Lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu marehemu Nichelle Nichols, yule mwigizaji wa Marekani aliyekuwa Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek, imenishinda.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilichukua futikamba nikaipima. Busu lake na mwigizaji mwenzake William Shatner limepewa inchi saba, na picha juu. Ndoa zake inchi nne. Kazi aliyoifanya na NASA, shirika la anga la Marekani, imepata nusu inchi, na hiyo nusu yenyewe inasema tu kwamba alivutiwa na mambo ya anga. Alivutiwa!

Tuanze na hilo busu, maana ndilo mlilolipenda. Mmeandika kuwa ni la kwanza kati ya mweusi na mzungu katika historia ya televisheni. Si kweli. Waingereza walishaonyesha busu la namna hiyo mwaka 1964, katika tamthilia yao ya hospitali iitwayo Emergency Ward 10. La Star Trek lilirushwa Novemba 22, 1968. Lilikuwa jambo zito, sibishi, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kuzuia ndoa za weusi na weupe mwaka mmoja tu kabla yake. Ila mwandishi wenu angekaa akaitazama sehemu yenyewe, angeona kwamba wale wawili hawakubusiana kwa kupenda. Walilazimishwa na viumbe wenye nguvu za ajabu waliokuwa wakiwachezesha watakavyo. Ndilo penzi mlilolipambia inchi saba.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1932 huko Robbins, Illinois, karibu na Chicago. Kabla ya televisheni alikuwa mcheza dansi na mwimbaji, akasafiri na bendi za jazi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Alipoingia Star Trek mwaka 1966, alivyosimulia mwenyewe, hakupewa mkataba wa kudumu kama wakubwa wa kipindi. Alilipwa kwa siku. Akasimulia pia kwamba barua za mashabiki wake zilikuwa zikizuiliwa studio, asijue watu wanavyompenda. Mwisho wa msimu wa kwanza akaamua kuondoka, arudi jukwaani kuimba. Siku hizo hizo akakutana na Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, kwenye hafla, naye King akamsihi asiondoke, kwa kuwa pale kwenye kiti chake watu walikuwa wanamwona mwanamke mweusi mwenye cheo na akili, si mpishi wala yaya. Akabaki. Haya yote hayamo. Wala hamkusema kwamba huyo Uhura katika hadithi ni Mwafrika ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na kwamba iko sehemu ya mwaka 1967 anapotezewa kumbukumbu akaanza kusema Kiswahili. Gazeti la Kiswahili, mwandishi Mswahili, ukurasa mzima, na hilo likampita!

Sasa hiyo nusu inchi. Mwaka 1977 Nichelle Nichols, kupitia kampuni yake Women in Motion, alichukua kazi ya kuitafutia NASA wanaanga wanawake na watu wasio wazungu. Mpaka wakati huo Marekani ilikuwa imefika mwezini mara sita na haikuwa imerusha angani mwanamke hata mmoja, wala mtu mweusi hata mmoja. Akazunguka vyuoni, akatokea kwenye televisheni na suti ya rangi ya buluu ya NASA, akawaambia vijana waombe. Wakubwa wa NASA nao akawaonya mapema kwamba akiwaletea watu wenye sifa nao wakawaacha, atawasema hadharani. Maombi yalipita 8,000. Kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na wanawake sita. Humo alikuwamo Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza, wote wawili mwaka 1983. Kisha mwanaanga mweusi Mae Jemison, aliyekuwa akimtazama Uhura utotoni, akaruka na chombo cha Endeavour mwaka 1992, na huko juu akawa anaanza zamu yake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Mkaona hayo yatoshe nusu inchi ili waume zake wapate nafasi.

Najua mtasema mama mzima huyu ana nini na mwigizaji wa Marekani. Nina sababu. Nimeshona mavazi ya tamthilia miaka mingi. Kuna siku tulikuwa lokesheni Kigamboni, binti mmoja mwigizaji kafika alfajiri, nikamvika gauni la harusi nililolishona mwenyewe, akakaa nalo kwenye joto hadi magharibi kwa sababu sini yake ilikuwa inasogezwa na kusogezwa, mara jenereta, mara bwana harusi hajafika. Mwisho wakafunga vifaa. Analipwa kwa siku, na ile siku wakasema haihesabiki kwa kuwa kamera haikumgusa, wakampa nauli. Katikati ya hayo akaja mwandishi wa gazeti moja na simu yake ya kurekodi. Hakuuliza nauli. Hakuuliza mkataba. Aliuliza kama mumewe anakubali ashikwe mkono na mwanamume mwingine. Mimi nilikuwa nimebana pini mdomoni, na hiyo ndiyo iliyomwokoa yule kijana. Habari ilipotoka ilikuwa ni mume, wigi, na picha iliyopigwa kwa nyuma. Na tamthilia hiyo inarudiwa usiku mpaka leo, matangazo ya sabuni yanapita katikati, na binti hapati hata shilingi ya marudio. Siku akiugua ndipo mtamtangaza, na namba ya simu ya michango chini ya picha, mseme wasanii wetu hawajui kuweka akiba. Waweke ipi, nauli?

Ushauri wangu ni huu. Nitawaletea futikamba, zipo mbili za ziada dukani, moja ikae dawati la burudani na nyingine mezani kwako. Habari ya mwigizaji wa kike ikiletwa, ipimwe. Kwa kila inchi moja ya mapenzi, inchi tatu za kazi, mkataba na malipo. Mapenzi yakizidi, yapunguzwe pindoni kama gauni refu. Mkasi pia ninao.

Na lile kosa la busu la kwanza nataka lisahihishwe Jumapili hii, ukurasa ule ule na kwa herufi zile zile kubwa, si kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja.

Mama Fundi,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam