Barua kwa vijana wanaoandika maktaba ya programu ya malipo

Wanangu,

Nimeusoma msimbo wa maktaba mlionitumia, yaani msimbo ambao programu za watu wengine zitautumia, wote, kwa siku mbili. Hesabu zenu ni safi. Lakini kuna jambo limeninyima raha, nami naliandika hadharani kwa sababu Nairobi hii ina vijana wengi wanaofanya kazi kama yenu.

Funksheni yenu ya kufungua akaunti, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo na kurudisha jibu, hurudisha 0 ikifaulu. Ile ya kutuma pesa hurudisha 1 ikifaulu na 0 ikishindwa. Ya kusoma salio hurudisha salio lenyewe, na mambo yakienda mrama hurudisha 0. Sasa niambieni: mama mboga asiye na kitu kwenye akaunti na yule ambaye mtandao umemkatikia, programu itawatofautishaje?

Sifuri hiyo imeshaniumiza. Zamani niliandikia shule moja programu ya karo kwa lugha ya C, nikatumia atoi kugeuza maandishi kuwa namba. Atoi ikikuta “Ksh 12500” haipigi kelele, inarudisha 0 na kuendelea. Mzazi mmoja alikuja kutoka Kawangware, mtoto wake amefukuzwa kwa karo iliyokwisha kulipwa. Alikuwa akiikunja na kuikunjua risiti ya benki. Sijamsahau.

Hata magwiji hujikwaa hapo. Januari 2009 watu wa OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, walitangaza kasoro iliyopewa namba CVE-2008-5077. Funksheni yao EVP_VerifyFinal, inayokagua saini za kidijitali, hurudisha 1 saini ikiwa halali, 0 ikiwa si halali, na namba hasi ukaguzi wenyewe ukishindikana. Katika C, chochote kisicho 0 huhesabiwa kuwa kweli. Basi msimbo uliouliza tu kama jibu si 0 ukapokea saini iliyoharibika kana kwamba ni halali. Na msimbo huo ulikuwamo ndani ya OpenSSL yenyewe, umeandikwa na wenye nyumba!

Chagueni njia moja. Mimi ningetaka kila funksheni irudishe hali tu: 0 kwa kufaulu, na namba hasi yenye jina lake kwa kila aina ya kosa. Salio liwekwe mahali panapoonyeshwa na kielekezi, yaani anwani ya kumbukumbu, ambacho msimbo unaoiita funksheni umekuja nacho. Funksheni moja igeuze namba ya kosa kuwa maneno ya kusomeka. Maktaba isichapishe chochote kwenye skrini, wala isiizime programu ya mtu; mgeni hazimi taa za mwenyeji. Mkipenda utaratibu mwingine sitagombana nanyi, mradi uwe mmoja kila mahali.

Fanyeni sasa. Mkishatoa toleo la kwanza, mkaja kugeuza 1 iwe 0, aina ya jibu itabaki int, yaani namba kamili, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa kompyuta, haitalalamika. Programu za watu zitaanza kusema uongo kimyakimya, na pesa ni za watu.

Nawasihi, ahirisheni toleo la Ijumaa. Anzeni na ile ya salio, kisha mniletee niisome tena.

Mzee wenu