Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama wa chama chetu cha wasindikaji wadogo wa nafaka na karanga, Dodoma.

Mwaka huu kamati imekaa vikao vinne, tumefanya mafunzo mawili ya ufungashaji, na banda letu la Nanenane pale Nzuguni lilikuwepo kama kawaida. Picha mnazo kwenye kundi. Nasonga mbele.

Hesabu ni hizi: salio la mwaka jana 1,150,000, ada na viingilio 3,840,000, mauzo ya banda 610,000. Jumla 5,600,000. Tumetumia 5,215,000, zimebaki 385,000. Ndani ya matumizi hayo, 2,700,000 ni za dawati la vibali, linalowasaidia wanachama kushughulikia leseni na usajili: karani wa siku mbili kwa wiki 1,800,000, kompyuta na skana 700,000, intaneti 200,000. Hapo ndipo maneno yalipo.

Nimesemwa, tena na watu ambao kikao cha Machi hawakufika, kwamba fedha za misiba zimenunua skana. Ndiyo, zimenunua. 1,400,000 za dawati hilo zilitoka mfuko wa faraja, ndio wa misiba, kwa azimio la kamati, muhtasari upo, na pendekezo lilikuwa langu. Silikani.

Sababu ni hii. Tangu Julai 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, mengi yamelegezwa. Usimamizi wa chakula ulitoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ukaenda Shirika la Viwango (TBS) mwaka huohuo, kwa hiyo paketi moja ya unga haina tena mabwana wawili. Kusajili mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hakuna ada. Kiwango cha kuingia kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kilipanda Julai 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200, na tozo ya kuendeleza ujuzi inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10. Lakini nafuu haimfuati mtu nyumbani. Anayetaka nafuu lazima karatasi zake zisomane.

Zetu hazisomani, na hilo ndilo la kwanza. Mafaili 41 yamepita dawatini, na 17 yalikwama kwa jina tu. Kitambulisho cha NIDA kinasema Saidi, TIN, namba ya mlipakodi, inasema Said, jina la biashara kwa msajili, BRELA, limeandikwa kwa herufi ya kwanza na nukta. Ofisa wa kaunta zamani angeangalia sura yako akapitisha. Mfumo hauna macho hayo. Njia ni kuanza NIDA, kisha TIN, kisha BRELA, na leseni ya halmashauri iwe ya mwisho. Ukianza na leseni utazunguka na kurudi palepale.

La pili ni pango. Mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari haufai. Ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 unaikata wewe mpangaji kabla ya kumpa mwenye nyumba chake. Wengi humkabidhi fedha yote, halafu wanapokwenda kutafuta cheti cha kutodaiwa kodi wanatakiwa kulipa asilimia 10 hiyo kutoka mfukoni mwao, na mwenye nyumba simu hapokei.

La tatu, nembo ya ubora ya TBS. Barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inakupunguzia gharama, haikupunguzii kipimo. Unga unaozidi unyevu wa asilimia 14 unaanguka, nao unaanguka kwa sababu mahindi yananyunyiziwa maji kabla ya kukobolewa, kisha unga unafungwa jioni ileile ungali wa moto. Utandazwe upoe na ukauke kwanza. Kwenye karanga, kikomo cha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kukaanga hakuiondoi, chambueni zilizosinyaa na zenye ukungu zingali mbichi.

Mambo haya yote yalifundishwa bure, na mahudhurio ni aibu. Tuko wanachama 128. Leo ukumbini nimehesabu 37, wakiwemo wawili waliokuja kuulizia chakula. Ada ni 60,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 43. Na katika yale mafaili 41, 26 ni ya wanaodaiwa. Anayelalamikia skana ndiye aliyeitumia, basi mnisaidie kuelewa.

Kwa mwaka ujao, panapo majaliwa, tunatarajia kupeleka maoni Wizara ya Fedha kabla ya bajeti, tukiomba wakaguzi waje siku moja kwa pamoja, kwa sababu kila ukaguzi unasimamisha mashine, na mteja aliyekuja na gunia lake hasubiri. Kamati pia itajaribu kutafuta mfadhili wa kipima unyevu.

Fedha za mfuko wa faraja zitarudishwa kadiri ada zitakavyoingia. Mhazini amekaa mlangoni na daftari la wadaiwa.