Una kisukari na kipimo cha mifupa kimetoka vizuri? Usitulie bado

Swali linalotufikia mara kwa mara kwenye chumba cha kupimia ni hili: "Majibu yangu yalikuwa mazuri, mbona nimejikwaa tu na mkono umevunjika?" Mara nyingi anayeuliza anaishi na kisukari aina ya pili.

Mashine yetu hupitisha eksirei hafifu kwenye nyonga na pingili za kiunoni, ikahesabu madini yaliyomo na kuyalinganisha na ya kijana mwenye afya. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya tofauti hiyo ikiwa −2.5 kushuka chini huitwa osteoporosisi, yaani mifupa kupungukiwa madini na kuwa dhaifu. Kazi yake huishia hapo. Inajua wingi wa madini, haijui ubora wa mfupa.

Kisukari huharibu ubora. Watafiti wamekuta wenye aina ya pili wana madini ya kawaida, pengine kuwazidi wenzao, na bado nyonga zao huvunjika zaidi. Sukari iliyozidi hugandamana na kolajeni, zile nyuzi zinazouwezesha mfupa kunepa bila kukatika. Nyuzi zikikakamaa, mfupa huwa kama kijiti kikavu. Mwili nao hupunguza kasi ya kubomoa mfupa mkongwe na kujenga mpya, kwa hiyo nyufa ndogondogo hukaa bila kuzibwa. Tena kuna ganzi ya miguu, macho kufifia na sukari kushuka ghafla, na mtu huanguka mara nyingi. Hata dawa ya kisukari iitwayo pioglitazoni imeonekana kuongeza mivunjiko kwa wanawake (usiiache kwa sababu yetu, zungumza na daktari wako).

Kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya mtu kuvunjika mfupa, kilichotolewa mwaka 2008 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, hakikuwa na kisanduku cha kisukari aina ya pili. Madaktari wengine huweka alama kwenye kisanduku cha baridi yabisi, ugonjwa ambao nao huongeza hatari hiyo, ili hatari isipunjwe. Ni ujanja tu, ila sisi tunaupenda kuliko kunyamaza.

Basi unapoweka miadi, tuambie una kisukari, umekaa nacho miaka mingapi, unatumia dawa gani na umeanguka lini. Tutayaandika kwenye ripoti, karibu na namba. Usimeze vidonge vya kalsiamu siku ya kipimo. Na kama tayari umevunjika kwa kuanguka ukiwa umesimama tu, usingoje miadi yetu. Anza kwa daktari.